Swali la msomaji: Nzi ananasa mitini, samaki wanatoroka, nami nataka wanangu wajifunze kuvua trauti

SWALI: Marehemu baba aliwahi kuwabebea wavuvi mizigo kando ya mto Thego, huku Nyeri. Wakamfundisha kuvua trauti, samaki wa maji baridi ya milimani, kwa nzi wa bandia (ndoano iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu), naye akatufundisha sisi kwenye bwawa karibu na nyumbani, kila Agosti shule zikifungwa. Fimbo yake ya futi 9 ninayo. Sasa nataka kuwapeleka wanangu mtoni kwenyewe, lakini nilipokwenda kujaribu peke yangu, kila nikirusha mshipi nyuma, nzi ananasa kwenye matawi, na pale palipo wazi samaki wanatoroka kabla mshipi haujagusa maji. Wanangu wana miaka 12 na 8. Ninunue fimbo gani, na wao waanzie wapi? (Baba wa wawili, Karatina)

JIBU: Mzazi mwenzangu, pole kwa kumpoteza mzee, na nimefurahi kwamba fimbo yake bado inatoka nje. Kabla ya kununua chochote, elewa kwamba ulichorithi ni uvuvi wa bwawa. Bwawani maji yametulia na samaki huzunguka akitafuta chakula, kwa hiyo mvuvi anarusha mbali ili afikie eneo kubwa. Mtoni samaki amekaa mahali pamoja, chakula kinamfuata, na mara nyingi mahali penyewe hapazidi ukubwa wa meza. Kazi yako ni kumsogelea bila yeye kujua. Ukiliweza hilo hutahitaji kurusha nyuma hata kidogo, na miti haitakusumbua tena.

Trauti hulala ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka. Mbele na ubavuni anaona vizuri sana, nyuma haoni. Basi ingia mtoni kutoka chini, kisha panda kuelekea juu. Tena, mwanga hupinda unapoingia majini, ndiyo sababu samaki huuona ulimwengu wa nje kupitia duara moja tu juu ya kichwa chake, na kitu kilicho chini karibu na usawa wa maji hukiona kwa shida. Ukisimama wima ukingoni umeingia ndani ya duara hilo, wewe na fimbo yako. Ukipiga magoti nyuma yake unaweza kumkaribia hadi mita 4 au 5, na kwa umbali huo hata mtoto anafikisha nzi.

Ubavuni mwa samaki kuna mstari wa hisia unaonasa mtikisiko. Buti likipiga ukingo, au jiwe likigonga jiwe, anajua. Lakini sauti ya mtu, kwa kuwa inasafiri hewani, karibu yote hurudishwa na uso wa maji. Kwa hiyo nakuomba usiwanyamazishe watoto kutwa nzima. Nimewaona wazazi wengi wakiiharibu siku kwa neno “shhh”. Waache waulize, waache wacheke. Wadai kitu kimoja tu, wakanyage polepole.

Sasa, samaki yuko wapi? Tafuta mahali maji ya kasi yanapomwagika kwenye kidimbwi, kisha tazama mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na yale ya polepole. Povu husafiri juu ya mstari huo, na wadudu husafiri pamoja na povu. Trauti hujiweka upande wa polepole, ambako hatumii nguvu, na kuchomoka kuchukua kinachopita. Wengine hukaa nyuma ya mawe au chini ya ukingo uliochimbika. Anza na mkia wa kidimbwi, yaani kule chini maji yanapopungua kina, hata kama macho yanakuvuta juu kwenye maporomoko. Samaki wa mkiani akishtuka hukimbilia juu na kuwashtua wenzake wote, nawe kidimbwi hicho umekimaliza kwa muda mrefu.

Kinachowashinda wengi hata baada ya kujifunza kunyatia ni mvuto wa maji. Chukulia nzi wako ameangukia maji ya polepole, lakini mshipi umelala juu ya mkondo wa kasi ulio kati yako na yeye. Mkondo unaubeba mshipi, mshipi unamburuta nzi, na nyuma yake utaona mchoro mdogo kama herufi V. Hakuna mdudu anayeelea hivyo, na trauti hapandi. Dawa yake ni kuinua fimbo mara tu nzi anapotua, mshipi wote mnene ukae hewani, majini uguse uzi mwembamba wa mwisho peke yake. Kisha ishushe ncha ya fimbo taratibu kufuata nzi anavyoshuka kuelekea kwako. Sekunde 3 za kuelea bila kuburutwa zinatosha kumpata samaki. Ukinizuia nisifundishe kitu kingine chochote mtoni, hiki ningekifundisha.

Fimbo ya mzee inafaa kwa hilo kuliko unavyodhani, kwa sababu urefu wake unakusaidia kuuinua mshipi. Shida yake ni chini ya matawi mazito. Ukipata fedha, nunua ya futi 7 au 7 na nusu, ya mshipi namba 3 au 4 (hiyo ni namba ya uzito wa mshipi, ndogo ndiyo nyepesi), uwe wa kuelea. Mbele yake funga uzi unaopungua unene, wa futi 7 na nusu, ukiishia na kipande cha milimita 0.15 hivi. Nzi wawe namba 14, na ukumbuke kwamba namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo. Nunua wa aina mbili: mmoja mwenye manyoya mengi anayeelea, mwingine wa kuzama mwenye shanga ya shaba kichwani.

Wa miaka 8 usimpe gurudumu la mshipi kabisa. Japani, wavuvi wa milimani wana desturi ya zamani iitwayo tenkara: fimbo ndefu, uzi uliofungwa moja kwa moja kwenye ncha, nzi mmoja, basi. Mnunulie mwanzi mkavu, mwepesi, wa mita 3 hivi (msikate msituni bila kibali), umfungie uzi wenye urefu huohuo. Atamtua nzi mahali anapopataka siku hiyohiyo ya kwanza, wakati yule mwenye gurudumu bado anafungua mafundo. Wa miaka 12 anaweza kuchukua fimbo ya babu yake, nawe umshike mkono mara chache tu.

Lakini kabla ya fimbo, wapeleke kwenye maji ya kina cha kifundo cha mguu, inueni jiwe moja mligeuze. Chini yake mtaona vijumba vidogo vya mchanga vilivyogandishwa ubavuni, kila kimoja na mdudu ndani, na wengine bapa wenye mikia mitatu wakikimbilia kivuli. Waambie wachague nzi kwenye kisanduku anayefanana nao, kisha rudisheni jiwe kama lilivyokuwa. Mkimpata samaki wa kula, mpasueni mbele yao, mfungue tumbo lake ndani ya bakuli jeupe lenye maji kidogo. Vile vijumba vya mchanga vitaonekana humo, pengine pamoja na siafu walioanguka kutoka matawini. Mtoto akiona hivyo anaelewa kwa nini namba 14 na si namba 8, na sijaona maelezo yanayoshinda bakuli hilo.

Samaki hao si wenyeji wa milima yetu. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, akawaweka mto Gura huko kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa upinde, mwenye mstari wa waridi ubavuni, alifuata baadaye. Wazee wetu wengi wa Nyeri hawakula samaki, kwa hiyo baba yako alianzisha jambo jipya katika ukoo wenu, na wanao wanastahili kulijua. Mnaokula, chukueni wachache. Trauti haparuliwi magamba. Chumvi, siagi na kikaango vinatosha, pamoja na nduma mliyobeba. Mnaowarudisha, washikeni kwa mikono iliyolowa ili ute wa ngozi usitoke, na wasikae nje ya maji kupita muda mnaoweza kuzuia pumzi.

Usalama sasa, na hapa sitaki mjadala. Bonyeza kijino cha kila ndoano (ile ncha ndogo inayorudi nyuma) kwa koleo kabla ya kutoka nyumbani, maana ndoano isiyo na kijino hutoka kwenye ngozi bila hospitali. Kila mtoto avae kofia na miwani. Msitu wa Mlima Kenya na Aberdare una nyati na ndovu, kwa hiyo tembeeni na askari wa wanyamapori au mwongoza wageni anayeijua njia, mtoke kabla jua halijashuka. Na maji yakibadilika rangi ghafla, au yakianza kubeba majani na vijiti, ujue mvua imenyesha juu. Tokeni wakati huohuo, hata kama kuna samaki kwenye ndoano.

Ulizia leseni ya uvuvi mapema, na mkiingia ndani ya hifadhi mtalipa kiingilio cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) pia. Kuhusu lini, Agosti yenu ni nzuri: mvua za masika zimekwisha na maji yamesafika, ingawa asubuhi ni baridi, kwa hiyo beba soksi na suruali za akiba kwa kila mtoto. Likizo ya Aprili iacheni, mto utakuwa umejaa tope. Desemba inategemea mvua za vuli zimekatika lini, hivyo piga simu kwa mtu anayeishi kando ya mto huo kabla ya kufunga safari.