Maumivu yamekwisha, mbona ganzi haitoki?

SWALI: Mama yangu ana miaka 58. Wiki 7 zilizopita alifanyiwa upasuaji wa mgongo hapa Kisumu. Pingili ya nne ya kiunoni ilikuwa imeteleza mbele ya ile ya tano. Wakapanua njia ya neva, kisha wakazifunga pingili hizo kwa skrubu 4. Maumivu ya mguu yaliisha wiki ya kwanza, lakini juu ya wayo hadi kidole gumba kuna ganzi, na patipati humvuka bila yeye kujua. Je, neva ilikatwa? – Msomaji, Ahero

JIBU: Kwa maelezo hayo, haielekei. Maumivu ndiyo hutangulia kuondoka, nguvu hufuata, na ganzi huwa ya mwisho. Huchukua hata mwaka au zaidi, na kama ilikuwepo muda mrefu kabla ya upasuaji, nyingine hubaki. Neva iliyoharibika ganda lake tu hupona kwa wiki kadhaa hadi miezi 3. Nyuzi za ndani zikifa, huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidoleni ni karibu mita nzima. Piga hesabu mwenyewe.

Ila kuna jambo hukutuambia, nalo ndilo zito, kwani patipati kumvuka huenda ni wayo kukosa nguvu, si ganzi tu: lilianza kumvuka lini? Kama ni kabla ya upasuaji, neva ya tano ya kiunoni, ile inayoinua wayo na kidole gumba, ilikuwa imeshabanwa na sasa inasubiriwa ipone. Kama alizinduka na tatizo hilo, au likaja baadaye, daktari aliyempasua aelezwe wiki hii bila kungoja tarehe ya kliniki. Huenda skrubu imeigusa neva, au neva ilivutwa pingili iliporudishwa mahali pake. Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, huonyesha skrubu ilipopita.

Akipata ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo ukigoma kutoka, choo kikimponyoka au miguu yote miwili ikilegea, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nyumbani, pimeni nguvu, msipime ganzi. Aketi kitini, kisigino sakafuni, ainue kidole gumba huku wewe ukikikandamiza kwa kidole chako kimoja. Fanyeni hivyo kila Jumapili na kuandika: hakiinuki, kinainuka lakini kinashindwa, au kinastahimili. Daftari hilo litamfaa daktari kuliko "anaendelea vizuri".

Mguu unaoning'inia hukaza kano ya kisigino, na ikishakaza hata neva ikipona mguu hauinuki. Alale chali, goti limenyooka, umzungushie leso chini ya vidole na kuivuta wewe, asije akainama. Sekunde 30, mara 4, asubuhi na jioni. Mtaalamu wa viungo anaweza kumpa kifaa cha kushikilia wayo. Patipati liwekwe kando, avae viatu vyenye mkanda wa nyuma. Maji ya beseni ayapime kwa mkono, na mguu huo asiupashe moto jikoni, kwani utaungua asisikie. Sukari yake ipimwe pia, kwa kuwa ikiwa juu neva hupona polepole. Boda boda asipande mpaka daktari amruhusu.