Barua kwa mwanangu: maji ya watu huulizwa

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hapa Sahare hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua, lakini bamvua likifika, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, anashuka pwani vilevile, na hakuna wa kumzuia.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ili na baba yako asikie. Unasema umealikwa Uingereza, kwenye kisiwa cha Anglesey kule Wales, ukafundishe siku nne kwenye mkusanyiko wa wapiga kayaki wa baharini, ile mitumbwi myembamba ya kasia. Nauli wanalipa wao. Kisha unaniuliza: "Mama, niende kweli? Na nikawafundishe nini watu wenye kayaki yao?"

Nenda. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki kwa utulivu.

Tena hiyo kayaki si yao. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia, mwaka ule ulipoanza kazi ya kutembeza wageni, kwamba ni chombo cha Wainuiti, watu wa kwenye barafu: mifupa yake miti iliyoletwa na bahari, na juu yake ngozi ya sili iliyoshonwa ikabana. Waingereza nao walijifunza kwa wenyewe, kama ulivyojifunza wewe. Kwa hiyo usiingie pale umeinama kama mtu aliyeazimwa nguo ya sherehe.

Ulichonacho wewe wengi wao hawakukulia nacho. Unakumbuka mlango ule wa maji kati ya miamba miwili, ukielekea upande wa kisiwa cha Ulenge? Ulikuwa na miaka sita au saba. Nilikuwa nakusimamisha pale maji yakiwa magotini, umejifunga kanga yangu iliyokuzidi urefu, nakwambia usiangalie maji, angalia pindo. Maji yakitoka, pindo linavutwa kuelekea bahari kuu, limelala kabisa. Ukisubiri linaanza kulegea. Halafu kuna muda mdogo, hata uji haujachemka, pindo linaning'inia wima kama kanga iliyoanikwa siku isiyo na upepo. Hapo nilikuwa nakuuliza, "Sasa?" Nawe unangoja, unangoja, mpaka ncha moja igeuke kuelekea nchi kavu, ndipo unapiga kelele: "Yamegeuka!" Wenzako bado wanachokoa pweza, hawajaona kitu.

Ulipokua ukaniletea hesabu yake. Ukaniambia maji yote ya kujaa yagawe mafungu 12: saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nilifurahi sana siku ile, kwa sababu miguu yangu ilikuwa inaijua hesabu hiyo bila kuitamka. Ndiyo maana siku za bamvua, maji yakiwa yamekwisha kupwa kama saa nne asubuhi, bibi yako hutuita turudi mapema. Saa ya kwanza inadanganya, unaona maji yamelala tu. Ya tatu na ya nne ndizo zinazochukua watu.

Basi hilo ndilo la kuwafundisha. Wengi watakuja na jedwali za maji na vifaa vinavyowaonyesha walipo, na vyote ni vizuri, usividharau. Wewe watoe kwenye kayaki kwanza. Wasimamishe majini, wafumbe macho, waseme ni shavu la mguu gani linalosukumwa. Wapande chomboni baada ya hapo. Mtu akishayasikia maji kwa mguu, atayasikia hata yakipita chini ya kiti chake.

Sasa kuna jambo sijapata kukusimulia, kwa sababu ya haya. Kabla hujazaliwa nilikwenda kukaa kwa shangazi yangu, kijiji kimoja kusini ya Tongoni. Nilikuwa na miaka 22, na sifa yangu ya kuvua pweza ilikuwa imenitangulia. Siku ya pili ya bamvua nikachukua wasichana watatu wa pale, nikawaongoza mwambani kama niko kwetu. Kwetu Sahare maji yakirudi unayaona: yanaanzia ukingo wa mwamba, povu linasogea, una wakati wa kujaza kikapu na kurudi. Mimi nikawa naangalia mbele, ukingoni, kukavu. Kumbe mwamba wa pale una bonde refu nyuma yake, na bahari huingia kwa bonde hilo kwanza. Nilipogeuka, kati yetu na pwani maji yalikuwa yananifika kifuani na yanakwenda kasi.

Tulivuka tumeshikana kanga. Mmoja hakujua kuogelea. Kikapu kilikwenda, ndala zilikwenda, na yule mtoto alikunywa maji mengi akalazwa mchangani anatapika, mimi nimempakata na mikono inanitetemeka. Bibi mmoja wa pale alikuja akanifunika kanga kavu. Neno lake lilikuwa moja: "Ungeuliza." Mpaka leo nikilala vibaya naisikia sauti ile.

Kwa nini nakwambia leo? Kwa sababu ya ule mlango wa Menai ulionieleza, unaokitenga kisiwa hicho na bara. Ulisema bahari inapojaa huingia kwa ncha zote mbili za mlango, na upande mmoja huanza kabla ya mwenzake. Ukasema kati ya madaraja mawili pana miamba, na siku za bamvua mkondo hufika karibu kilomita 15 kwa saa, ilhali mtu mwenye nguvu hupiga kayaki kilomita 6 au 7. Tena pale penye miamba maji hutulia kama saa mbili kabla ya kujaa kwa bandari ya Liverpool, ambayo wao huhesabia saa za maji yao. Yaani anayesimama ukingoni kungoja aone maji yamejaa mbele yake, mkondo umeshageuka zamani. Nilipolisikia hilo nililiona lile bonde la kijiji cha shangazi, jinsi lilivyo.

Kwa hiyo mwanangu, usimwongoze mtu hata mmoja kwenye maji yale kabla hujayaulizia. Omba ufike siku tatu kabla. Tafuta mwenyeji mtu mzima, anayevua au anayepeleka boti pale miaka mingi, uingie naye mlangoni ukiwa mwanafunzi. Muulize upepo gani ukikutana na mkondo unasimamisha mawimbi. Muulize watu walizama wapi. Wavuvi hawapendi kuulizwa hivyo lakini wakikuona umenyamaza unasikiliza watakwambia. Na siku ya kufundisha waambie wanafunzi wako wazi: kusoma maji nitawafundisha mimi, njia ya leo ataongoza huyu. Hapo heshima yako haipungui hata chembe.

Baridi nayo. Umesema mwezi wa Mei maji ya kule ni nyuzi 10 au 11. Yetu hata upepo wa kusi ukikaza ni kama 25. Mwili wako haujapata kuonja maji kama hayo, na uhodari wako wa kupinduka na kuinuka ukiwa ndani ya kayaki umeupata kwenye maji ya uvuguvugu. Baba yako amesikia kwa mabaharia kwamba dakika ya kwanza baridi inakunyang'anya pumzi, unavuta hewa bila kutaka, na ukiwa chini ya maji wakati huo unavuta maji. Ukipita hapo, ndani ya dakika 10 hivi vidole vinaanza kukataa kushika. Ndiyo maana wale wa kwenye barafu waligundua kuinuka bila kutoka chomboni. Basi ingia siku ya kwanza karibu na ufuko, mwenyeji ameshika ncha ya kayaki yako, upinduke na kuinuka mara nyingi mpaka pumzi ikutii. Kabla ya hapo usimwonyeshe mwanafunzi yeyote. Lile vazi lao lisiloingiza maji, linalobana shingoni na kwenye vifundo vya mikono, vaa kila siku hata jua likiwaka, na ndani vaa sufu. Mimi nimelipenda pia kwa kuwa linasitiri.

Itakuja siku utaona bahari haifai na watu 10 wameshavaa, wamelipa, wanakuangalia. Hapo utajisikia mgeni, msichana, peke yako. Sema hatutoki. Usieleze sana. Wafundishe kuokoana palepale kwenye maji ya kina kifupi. Kumrudisha mtu kwenye kayaki iliyojaa maji ni kazi ya kutosha asubuhi nzima, na ndiyo watakayoihitaji siku moja.

Ya karatasi sina mengi. Ofisi ya kupeleka maombi ya viza iko hukohuko Dar, anza mapema, na barua ya mwaliko iseme wazi kama kuna malipo au ni nauli, chakula na malazi tu, maana wanatofautisha. Usifiche kitu. Ukiwa njiani sala utazipunguza na kuzikusanya kama msafiri. Mwisho wa Mei kule jua huzama baada ya saa tatu usiku, usije ukalala kabla ya magharibi kwa uchovu.

Kifurushi nimempa kondakta wa basi la kesho alfajiri, kampigie akifika. Ndani kuna ile kanga ya mlangoni. Imechakaa katikati lakini pindo ni zima. Ipasue vipande, kila mwanafunzi afunge chake kwenye kijiti na akichomeke majini, aangalie. Kimoja niachie mimi, uje nacho ukirudi.

Mama yako
Sahare, Tanga