Glaida ya kwanza ya balsa: anza na mizani, kisu baadaye

Wewe unayeshika balsa, ule mbao mwepesi, kwa mara ya kwanza ili uunde glaida, yaani ndege ndogo isiyo na injini, usikimbilie kukata. Pima kwanza. Vibao viwili vya ukubwa uleule, kimoja chaweza kuwa na uzito mara mbili ya mwenzake, maana miti ya balsa haikui kwa kasi moja. Chepesi kabisa kitenge kwa ajili ya mkia. Kile kigumu kifanye kiwiliwili.

Vipimo ninavyowapa wanaoanza ni hivi: bawa urefu wa sm 40 na upana wa sm 7, kutoka kibao cha mm 3; kiwiliwili sm 35; mkia wa kulala sm 15 kwa 5, kutoka kibao cha mm 1.5, na wa kusimama sm 5 kwa 5. Ukingo wa mbele wa bawa ukae sm 8.5 kutoka puani. Kwa mpangilio huo mkia uko mbali na kitovu cha uzito (pale glaida inapokaa sawa ukiishikilia) karibu mara mbili kuliko pua, kwa hiyo kila gramu utakayoongeza mkiani itakudai gramu mbili puani. Hata tone la gundi lililozidi linahesabika huko nyuma.

Nyuzi za mbao zifuate urefu wa bawa. Zikikatiza, bawa litavunjika mapema. Tumia wembe mpya na rula ya chuma, upitishe mara kadhaa bila kukandamiza. Kisha msasa: ukingo wa mbele uwe mviringo, wa nyuma uchongoke, chini pabaki bapa.

Sasa likate bawa katikati uliunge tena likiwa na umbo la V. Laza nusu moja mezani, inua ncha ya nusu nyingine sm 7, sugua kingo za kiungo zikutane vizuri, ndipo utie gundi. Usiruke hatua hii hata kama bawa bapa linakupendeza zaidi. Glaida ikiinama huanza kuteleza kuelekea upande ulio chini. Bawa la upande huo hupokea hewa kwa pembe kubwa zaidi na kuinuliwa. Inajisawazisha yenyewe, bila rubani.

Ukishaunga bawa na mikia kwenye kiwiliwili na gundi ikakauka, usirushe bado: wengi huenda moja kwa moja kurusha, na hapo ndipo glaida nyingi nzuri hufia. Mwingereza George Cayley, kwenye glaida yake ndogo ya mwaka 1804, aliweka uzito unaoweza kusogezwa, kwa kuwa mizani ndiyo inayoamua kama chombo kitaruka. Weka alama chini ya bawa, sm 2.3 kutoka ukingo wa mbele, pande zote mbili. Ishikilie glaida hapo kwa ncha za vidole. Ongeza udongo wa kuchezea puani hadi ikae sawa.

Rusha juu ya nyasi, wakati hewa imetulia, pua ikielekea chini kidogo. Isukume taratibu, kwa mwendo wake wa kuruka tu. Nguvu nyingi huficha kasoro. Ikipanda, ikasita, kisha ikadondosha pua na kurudia hivyo, ongeza udongo kidogo sana. Ikipiga mbizi, kunja kidogo kwenda juu ukingo wa nyuma wa mkia wa kulala, au punguza udongo. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila mrusho, la sivyo hutajua kipi kimesaidia.

Ikikata kona kali, itazame kutoka nyuma kabla ya kugusa mkia. Mara nyingi bawa moja limepinda. Lipulizie pumzi ya joto, lipindue polepole kinyume, ulishikilie hadi lipoe. Kona pana na laini iache ilivyo: itakuzungushia glaida karibu nawe badala ya kuipeleka mbali, na ndiyo ninayoipendelea.