Kabla Hujaiomba Google Iharakishe Ukurasa Wako

Ukianza kazi ya tovuti hapa Mtwara, lawama ya kwanza utakayopokea ni hii: "Kijana, mbona nikijitafuta Google sijioni?" Mteja ana nyumba ya wageni Mikindani au anabangua korosho Masasi, pesa ameshalipa, na kwake tovuti isiyoonekana Google ni sawa na haipo. Usikimbilie kujitetea. Muulize ameandika maneno gani na anatarajia kuona nini.

Hapo watu huchanganya mambo matatu. Huenda ukurasa haumo kabisa katika hazina ya Google, yaani haujaorodheshwa. Huenda umo, ila mteja ameandika "nyumba ya wageni Mikindani" na tovuti kubwa za kuweka nafasi za hoteli zimemtangulia. Au anachotafuta ni kile kisanduku chenye ramani, namba ya simu na nyota, ambacho kina usajili wake kwenye Wasifu wa Biashara wa Google na hakisubiri kurasa zako ziorodheshwe. Matatizo mawili ya mwisho yana dawa zake. Hapa tushughulike na la kwanza.

Kuhakikisha, watu wengi huandika site: na kuunganisha jina la domaini, yaani anwani kuu ya tovuti, kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google. Inasaidia kwa haraka, lakini haionyeshi kila kilichoorodheshwa. Jibu la kutegemea liko Google Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, kwenye zana ya kukagua anwani. Bandika anwani ya ukurasa husika nayo itakuambia umo au haumo, roboti (programu ya Google inayopita ikisoma kurasa) ilipita lini, na kama haumo, kikwazo ni nini. Tovuti ambayo haijaunganishwa na Search Console mimi huihesabu kuwa haijakabidhiwa bado. Na uiunganishe kwa akaunti ya mteja, wewe upewe ruhusa tu. Siku mkitofautiana asibaki na duka ambalo funguo zake unazo wewe.

Mara nyingi sana kikwazo ni chetu mafundi. Kwenye WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, upande wa mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku cha kuiomba mitambo ya utafutaji isiorodheshe tovuti. Kukitia tiki wakati wa ujenzi ni busara, kwa sababu hutaki watu wakutane na kurasa zenye maandishi ya kujazia. Tatizo ni siku ya kukabidhi: watu wanapiga picha, wanapongezana, tiki imebaki. Fungua chanzo cha ukurasa, yaani msimbo wake, na utafute neno noindex, linaloiambia Google isiorodheshe. Ukikuta mstari wenye name="robots" content="noindex, nofollow", usihangaike na kingine chochote mpaka uutoe.

Kisha fungua faili la robots.txt, lenye maagizo kwa roboti, kwa kuandika jina hilo baada ya domaini na mkwaju (/). Ukikuta Disallow: / chini ya User-agent: *, tovuti nzima imefungiwa roboti. Na hapa wengi hujikanganya. Faili hilo linazuia kusomwa, halizuii anwani kuorodheshwa. Noindex ndiyo inayozuia kuorodheshwa, lakini lazima roboti iruhusiwe kuingia ili iione. Ukiziweka zote mbili, roboti inaishia mlangoni, noindex haionwi, na ile anwani uliyotaka ifichwe inaweza kutokea kwenye matokeo bila maelezo yoyote.

Kuna kikwazo kingine ambacho huwezi kukiona ukiwa Ligula au Shangani hapa mjini Mtwara, kwa sababu kwako tovuti inafunguka vizuri tu. Mtu anashambuliwa na watumaji takataka, anaweka ukuta wa usalama unaozuia wageni wote wa nje ya nchi: "wateja wangu ni wa hapa hapa." Sasa roboti ya Google kwa sehemu kubwa huingia kwa anwani za intaneti za Marekani. Ukiifungia Marekani umeifungia Google. Zana ya kukagua anwani ina jaribio la moja kwa moja linaloonyesha kile Google inachopata; lifanye hata kama kwako kila kitu ni kijani.

Mlango ukiwa wazi, swali linalofuata ni roboti itaijuaje hiyo anwani. Njia kuu ni viungo (linki), yaani viungo vya kawaida vyenye a href kwenye msimbo wa ukurasa, siyo kitufe kinachosubiri mtu akibonyeze ndipo programu imlete kwenye ukurasa. Ukurasa usio na kiungo hata kimoja kutoka ukurasa mwingine ni yatima, na mayatima hawa huchelewa. Weka kiungo kwenye ukurasa wa mwanzo, ambao ndio roboti huutembelea mara nyingi zaidi. Kutoka nje, kiungo kimoja cha chama kikuu cha ushirika, halmashauri au gazeti kinafaa kuliko kurusha linki kwenye makundi ya WhatsApp, ambako Google haiingii.

Ramani ya tovuti, lile faili la sitemap linaloorodhesha anwani za kurasa zako, iwasilishe mara moja Search Console kisha uiache ijisasishe. Faili moja huchukua mpaka anwani 50,000, kwa hiyo kwa kazi zetu za huku nafasi si tatizo. Google hupuuza vile vipengele vya kipaumbele na marudio ya mabadiliko, usipoteze jioni kuvipanga. Inachoangalia ni tarehe ya marekebisho, ikiwa tu ni ya kweli. Ukiigusa kila siku bila kubadilisha kitu, itaacha kukuamini. Na ukikuta somo la zamani linalokufundisha "kuipigia" Google (ping), yaani kuitumia taarifa kila ramani inapobadilika, lipite. Google ilitangaza kuiondoa njia hiyo mwaka 2023.

Sasa nije kwenye korosho, maana huku ndiko utakakopimwa. Minada inaanza kwa kawaida mwezi wa kumi, na kila mnada watu wanataka bei ya leo. Mafundi wengi hufungua ukurasa mpya kwa kila mnada, halafu wanalalamika kwamba bei imeonekana Google wakati mnada mwingine umeshapita. Fanya hivi: tengeneza ukurasa mmoja wa kudumu wa bei za minada, wenye anwani isiyo na mwaka wala namba ya mnada, uwe hewani mapema kabla ya msimu. Kila mnada ukiisha, weka bei mpya juu, za nyuma zishuke chini kwenye jedwali, na tarehe ya marekebisho ibadilike kwa sababu kweli kuna kilichobadilika. Google tayari inaujua ukurasa huo, na ikiona unabadilika mara kwa mara huurudia mara kwa mara. Ukihitaji ukurasa wa pembeni, tuseme maelezo ya mnada mmoja wa vyama vikuu vya ushirika kama TANECU au RUNALI, kiungo chake kianzie hapo na roboti itakifuata. Msimu ukiisha usiufute. Mwakani utakuta njia imeshalimwa.

Linganisha na yule anayetengeneza "Tunanunua Korosho Newala", "Tunanunua Korosho Tandahimba", "Tunanunua Korosho Nanyumbu", maneno yale yale, jina la wilaya tu limebadilishwa. Search Console itamwambia kwamba kurasa zimepitiwa ila hazijaorodheshwa. Hapo Google imesoma na imekataa, na kubonyeza kitufe cha kuomba kuorodheshwa, kilichomo kwenye zana ya kukagua anwani, hakubadilishi uamuzi. Aidha kila ukurasa uwe na kitu cha wilaya hiyo kweli, kama ghala liko wapi, nani apigiwe na malipo yanakwendaje, au aziunganishe zote kuwa ukurasa mmoja wenye nyama. Hali ile nyingine, ya anwani kujulikana lakini haijapitiwa, ni tofauti: hapo angalia viungo, na angalia kama seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, ni nzito au inaanguka, kwa sababu roboti ikikutana na makosa ya seva hupunguza mwendo.

Ugonjwa mwingine wa huku ni matangazo. Barua inachapwa, inagongwa muhuri, inapigwa picha kwa simu, picha inapandishwa kwenye ukurasa wenye kichwa "Tangazo" basi. Ukitaka lipatikane, andika maneno yenyewe kwenye ukurasa, na kichwa kiseme ni tangazo la nini na la wapi. Picha yenye muhuri iweke chini kwa wanaotaka kuihakiki.

Ukishamaliza yote hayo, bonyeza kitufe cha kuomba kuorodheshwa. Kina kikomo kwa siku, na kurudia anwani ile ile hakuisogezi mbele kwenye foleni. Inaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa, kwa hiyo kwenye mkataba usiandike kamwe "utaonekana Google ndani ya siku tatu". Andika unachokimudu: kurasa zitakuwa wazi kwa roboti, ramani itawasilishwa, maombi yatatumwa.

Wauzaji wa "kuorodheshwa haraka" watakufikia. Baadhi yao hutumia API ya Google ya kuorodhesha, njia ya programu kuwasiliana na Google moja kwa moja, ambayo Google yenyewe imeitenga kwa kurasa za nafasi za kazi na matangazo mbashara ya video. Nyumba ya wageni siyo mojawapo. IndexNow, njia ya kuijulisha mitambo ya utafutaji kwamba ukurasa umebadilika, iliyoanzishwa na Bing na Yandex mwaka 2021, ni ya bure na halali, na kwa WordPress ni suala la kuweka programu-jalizi moja. Google haiitumii, lakini wageni wa Mikindani wanatoka nchi nyingi, na wapo wanaofungua kompyuta ya kazini na kutafuta kwa Bing kwa sababu ndiyo waliyoikuta humo. Iweke.