Modeli ya umbo ikikimbilia mbavu, kagua alama zako kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini modeli yako ya umbo linalonyumbulika (programu inayochora mstari wa ukingo wa pafu kwa kufuata maumbo iliyofundishwa) inaliacha pafu na kung'ang'ania mbavu kwenye eksirei za kifua, na kama dawa ni kuongeza picha za kuifundishia. Yalinikuta hayohayo kwenye mradi wangu wa chuo. Picha niliongeza mpaka nikachoka, kumbe tatizo lilikuwa kwenye alama nilizoweka kwa mkono, yaani zile nukta zenye namba zinazoonyesha ukingo wa pafu kwenye kila picha ya mafunzo.

Njia hii ya Tim Cootes na Chris Taylor wa Manchester, ya mwaka 1995, haijui pafu ni nini. Inachojua ni alama namba 12 hukaa wapi ukilinganisha na ya 11 na ya 13, na jinsi zote zinavyosogea pamoja. Sasa ile kona ya chini, pafu linapokutana na mbavu na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), picha moja niliiwekea alama kwenye ncha yenyewe, nyingine juu kidogo kwa sababu kona ilikuwa na ukungu. Modeli ikaamini kwamba mapafu ya watu ndivyo yanavyotofautiana.

Nikafuta zote. Nikaanza na alama chache zisizobishaniwa: ncha ya juu, kona ya chini, na pale kivuli cha moyo kinapogusa kiwambo. Zilizobaki nikazipanga katikati kwa umbali sawa. Baada ya hapo mstari ulitulia.

Lingine ni pa kuuanzishia mstari kwenye picha mpya. Kila alama hutafuta ukingo pikseli chache tu ndani na nje ya mstari, na ubavu nao una ukingo mkali, hivyo mstari ukianza mbali na pafu utanasa ubavu. Upande wa kushoto kuna pia gesi ya tumbo chini ya kiwambo, nyeusi kama pafu. Anza na picha iliyopunguzwa ukubwa, ambapo pikseli hizo chache hufika mbali zaidi, mstari ukikaa ndipo uhamie kwenye picha kamili. Na usilegeze ile mipaka ya michepuko sanifu mitatu kila upande wa wastani, inayozuia umbo lisiende mbali na yale ya mafunzo, eti modeli ipate uhuru. Itakuchorea maumbo ya ajabu.

Ila kuna jambo linaloniuma zaidi. Tulipoipa eksirei ya mgonjwa mwenye maji kifuani, chini kote kweupe, modeli ilichora pafu zuri kabisa. Daktari tuliyekuwa naye akaweka kidole kwenye skrini: "Hapa hakuna kinachoonekana, huu mstari umetoka wapi?" Umetoka kwenye wastani wa picha za mafunzo. Mimi nilitumia zile eksirei 247 za JSRT, mkusanyiko wa picha wa chama cha teknolojia ya radiolojia cha Japani, 154 zenye kinundu (uvimbe mdogo kwenye pafu) na 93 zisizo nacho. Zilikusanywa kwa ajili ya vinundu, si maji kifuani. Kama wagonjwa wako ni wa kifua kikuu, lazima mafunzo yawe na mapafu yaliyoharibika, na mstari unaopita mahali pasipo na ukingo uuonyeshe kwa rangi nyingine, daktari ajue ni makisio.

Weka hapa picha mbili tatu zikiwa na alama zako tuzitazame. Futa kwanza jina la mgonjwa pale pembeni.