Waya unaochoka

Swali: Nafundisha ufundi chuoni hapa Tanga. Katika somo la nyaya za nikeli na titani, zile zinazosogeza lenzi kwenye kamera za baadhi ya simu, niliandika "waya huchoka". Mwenzangu kafuta, kaweka "huchakaa", eti kuchoka ni kwa mwenye roho. Nani kapatia? (Msomaji, Ngamiani)

Jibu: Rudisha neno lako. Mwenzio apite kwa fundi baiskeli, na Tanga hatomkosa, aombe spoki iliyokatika. Ataikuta imekatikia shingoni, pale ilipokunjwa kuingia kwenye habu. Haina kutu, haikulika, unene ni uleule. Kila gurudumu lilipozunguka ilikazwa ikalegezwa, mpaka ufa mdogo ukaanza, ukatambaa. Kuchakaa huonekana kwa nje: kanga hupauka, tairi hulika. Kuchoka hujificha ndani. Wakulima nao husema ardhi imechoka, wala hakuna anayewauliza roho yake iko wapi.

Nomino yake ni uchovu. Choka huzaa uchovu kama okoka inavyozaa wokovu na potoka upotovu. Ile k hudondoka. Basi, uchovu wa metali.

Waya wako lakini una jambo la ziada. Aloi hiyo, yaani mchanganyiko wa metali, huitwa nitinoli, na ilipata jina kutokana na nikeli, titani na maabara ya silaha za majini ya Marekani ilikogunduliwa. Waya ukipitishiwa umeme hupata joto, hujivuta ukarudia umbo fupi unalolikumbuka; ukipoa, springi huurefusha tena. Ukirefushwa kwa asilimia 8 huweza kurudi, ila kwa mara chache tu. Anayetaka udumu maelfu ya safari za kujivuta na kurefuka hubaki kwenye asilimia 4 au chini yake.

Na huchoka kwa namna mbili. Kwanza ni kama spoki: ufa, halafu kukatika. Pili haukatiki, ila kila safari hujivuta pungufu kidogo kuliko jana, na lenzi haifiki ilipokuwa ikifika. Hapa wanafunzi hupenda kuandika "umesahau". Ni tamu, kwa kuwa waya wenyewe husifiwa kwa kukumbuka, lakini inapotosha: umbo unalikumbuka bado, ila haulifikii. Mimi ningesema umenyong'onyea. Kwa vichwa vya habari tumia uchovu wa kukatika na uchovu wa utendaji.

Halafu, nimeona umeandika "waya imechoka" mahali pawili. Ni waya umechoka, nyaya zimechoka.

Lingine hukuliuliza, ila nimeliona kwenye kichwa cha somo: "kisukumio". Waya huu hausukumi, unavuta. Ningekupa "kivutio", lakini hilo watalii wameshalichukua. Andika kisogezi.