Mna pesa za kusaidia kijijini Nyando? Zahanati msijenge

Ndugu, nimesoma swali lako. Marafiki mmechanga pesa, wengine mko Nairobi na wengine ng'ambo, mnataka kuinua afya na masomo kijijini kwenu Nyando, kaunti ya Kisumu, na mmegawanyika: nusu wanataka kujenga zahanati, nusu kambi ya matibabu ya siku moja. Mimi ni katibu wa kikundi kinachofanya kazi kama hiyo karibu na Ahero, kwa hivyo nitasema nijuavyo.

Kujenga ndiyo rahisi. Tabu inaanza baada ya kukata utepe. Tangu 2013 afya imekuwa mikononi mwa kaunti: muuguzi anaajiriwa na kaunti, dawa kaunti inaagiza KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa. Jengo lenu lisipokuwa kwenye mipango yao, litafungwa kufuli. Kuna moja huwa nalipita nikienda sokoni. Vigae safi, majina ya wafadhili ukutani kwa rangi ya buluu, na mbuzi wamelala kwenye veranda.

Nendeni kwenye zahanati iliyopo, mkae na muuguzi msimamizi na kamati yake, muulize kinachowakwamisha. Mtasikia vitu ambavyo havipendezi kwenye picha: mifereji ya bati na tangi la maji ya mvua, betri za mashine ya kupima presha, taa ya sola kwa chumba cha kujifungulia.

Kuhusu kambi, nawapa kisa kimoja. Mama mmoja jirani yangu alipimwa presha kambini, akapewa vidonge vya wiki mbili na kuambiwa asiache kumeza. Nilimkuta baadaye akivikata nusu kwa wembe juu ya sahani, anameza leo, kesho anaruka, ili vifike mwisho wa mwezi. Waliompa walisharudi kwao na hakuna aliyeandika jina lake popote. Kama kambi ni lazima, ifanyeni na zahanati yenyewe, kila atakayepatikana na presha au sukari aingizwe kwenye rejista yao, kisha mhudumu wa afya wa jamii amfuate nyumbani. Hawa wahudumu wako karibu 100,000 nchini tangu mpango ulipozinduliwa upya 2023, kila mmoja na takriban boma 100. Marupurupu yao ni madogo. Nauli ya boda mnayomlipia mmoja inafika mbali, hasa kwa chanjo ya malaria. Kaunti zetu za ziwa zilianza kuitoa 2019, ni dozi nne, na ile ya nne huja muda mrefu baada ya zile tatu. Hapo ndipo watoto wengi hupotea.

Jambo jingine ambalo wahisani hulisahau ni SHA, bima ya afya ya serikali. Kujisajili ni bure, na aliyesajiliwa anastahili kutibiwa bila malipo kwenye zahanati na kituo cha afya. Mchango, ambao kwa wasioajiriwa hauanzii chini ya shilingi 300 kwa mwezi na hudaiwa wa mwaka mzima, ni wa huduma za hospitali. Wazee wengi hawajasajiliwa kwa sababu tu hawana simu au kitambulisho kimepotea. Vijana wawili wenye simu na subira, wakikaa kwenye baraza la chifu, wanamaliza kazi hiyo. (Ndiyo, na hiyo nayo haina picha nzuri.)

Masomo sitarefusha. Ada ya shule za msingi za umma iliondolewa 2003, lakini mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa za chakula cha mchana. Anzeni hapo, na sodo za wasichana. Kwa sekondari, karo ipelekwe akaunti ya shule pamoja na namba ya mwanafunzi, isipitie kwa mjomba wala shangazi. Na mwalimu mkuu ndiye awatajie wahitaji, maana wanachama wakianza kutaja majina, orodha hujaa binamu.

Kikundi kisajilini kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, katiba na kumbukumbu za mkutano. Tangi nalo lipelekeni kabla ya Machi. Nyando ikishafurika, lori halifiki huko.